Seva Iliyompenda Mama Mkwe

Pale Maktaba ya Sauti ni watu wachache sana waliolijua jina alilopewa na wazazi wake, na mwenyewe alikuwa ameshachoka kuwakumbusha. Wote walimwita Zimawasha. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini, mhasibu alipomfuata akilalamika kwamba printa inatafuna karatasi, naye, bila hata kuinuka kitini, akamwambia azime halafu awashe. Printa ikashika adabu. Kesho yake simu ya mapokezi ikagoma; zima, washa. Kesho kutwa mlinzi wa getini akamweleza kwa uchungu kwamba mkewe amemnunia tangu mwanzo wa wiki, na Zimawasha, baada ya kutafakari kidogo, akamshauri atoke nje, afunge mlango, avute pumzi, kisha agonge upya kama mgeni. Mlinzi anaapa hadi leo kwamba ilisaidia.

Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye bisibisi kwenye mfuko wa shati kila siku ya Mungu, na ndiyo maana mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, alikuwa ameshona viraka mahali pale pale kwenye mashati yake yote. Imani yake ilikuwa moja: hakuna kitu kilichoharibika kiasi cha kushindwa kuanza upya. Ni imani nzuri, na kwa miaka mingi ilimlisha yeye, mkewe na watoto wao mapacha. Shida ni kwamba aliishi nyumba moja na mtu asiyeiamini hata chembe.

Huyo alikuwa mama mkwe wake. Alikuwa amefundisha watoto kusoma tangu ujana wake, na alipostaafu alihamia kwa binti yake, chumba cha uani, akiwa na masanduku mawili na kiti chake mwenyewe. Zimawasha alimpokea kiungwana. Hakujua kwamba siku mama huyo atakapopita ofisini kumletea mkwewe miwani aliyoisahau, mkurugenzi wa maktaba, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake, angemsikia akisoma tangazo la mlangoni kwa sauti na kumwajiri palepale. Maana kazi ya maktaba ile ni hiyo: watu wenye sauti nzuri wanasoma vitabu ndani ya chumba kilichozibwa kwa magodoro, fundi wa sauti anawarekodi, na rekodi zinapelekwa kwa watu wasioona. Basi Zimawasha akawa na mama mkwe nyumbani, na mama mkwe kazini, na katikati yake, kwenye basi, akawa na kisogo cha mama mkwe kwenye kiti cha mbele.

Kazini alikuwa malkia, wakimwita Mama Msomaji. Wasikilizaji walipiga simu kumjulia hali. Mzee mmoja aliwahi kusema kwamba akimsikia mama yule hata magoti yanaacha kumuuma. Lakini sauti hiyohiyo, tamu, iliyotulia, inayotamka kila herufi, ndiyo iliyomweleza Zimawasha kila asubuhi kwamba bomba la jikoni bado linavuja. Si kwamba mama huyo alikuwa mkali. Alikuwa sahihi, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Mkwe," angesema, "bomba umelifunga ukalifungua. Sasa labda ulitengeneze."

"Leo hii, Mama," angejibu Zimawasha, na kukimbilia basi.

Mwaka huo sauti ilianza kukwaruza. Kwanza mama mkwe akasingizia vumbi la barabarani, kisha chai ya moto, kisha mapacha. Daktari alimwingiza kamera kooni, akakuta uvimbe mdogo umekalia nyuzi za sauti. Utolewe, alisema, tena Ijumaa hii. Sauti inaweza kurudi kama ilivyokuwa, inaweza kurudi nyingine, hakuna wa kuapa. Mama mkwe alilitangaza jambo hilo mezani kwa utulivu wa mtu anayetaja saa ya kuondoka kwa treni, akaomba apitishiwe chumvi. Halafu akasema kilichomsumbua ni kwamba zimebaki sura mbili.

Zilikuwa sura mbili za mwisho za riwaya nene kuhusu mwanamke aliyewashtaki kaka zake kwa ajili ya shamba la baba yao. Wasikilizaji hawakuwa wakilala kwa sababu ya kesi hiyo. Walipiga simu mapokezi kuuliza hakimu amesemaje, na mpokeaji, ambaye hakujua lolote, aliwajibu kwamba kesi imeahirishwa.

Kazi zote za mama mkwe, tangu kitabu chake cha kwanza cha watoto, zilikaa kwenye seva kubwa nyuma ya dawati la Zimawasha. Seva hiyo ilikuwa imezeeka. Diski zake zilitoa mlio mkavu, kh, kh, kiasi kwamba mhasibu alikuwa akiipa pole kila anapopita. Mpya ilikuwa imeshaagizwa, na wala watu hawakuwa na wasiwasi, kwa sababu mwisho wa korido, kwenye stoo ya zamani ya mafagio, kulikuwa na seva ya akiba iliyonakili kila kitu kilichomo kwenye ile kubwa. Kubwa ikifa, ya akiba inashika kazi. Hivyo ndivyo Zimawasha alivyomweleza mkurugenzi, na ilikuwa kweli mpaka Jumatatu ya wiki hiyohiyo ya hospitali.

Kwa muda mrefu seva ya akiba ilikuwa ikimwomba aisasishe mfumo wake. Kila alipoifungua, kijisanduku kilimuuliza: sasa, au baadaye? Alikuwa amebonyeza "baadaye" mpaka kidole kikawa kinakwenda chenyewe. Jumatatu hiyo akapiga moyo konde, akabonyeza "sasa". Angeishia hapo, tusingekuwa na cha kusimulia. Lakini Zimawasha akiamua kuanza upya hafanyi nusunusu. Kuacha nakala kuukuu ndani ya mfumo mpya alikuona sawa na kuhamia nyumba iliyopakwa rangi ukiwa na godoro lenye kunguni. Basi kabla ya kusasisha alifuta nakala zote. Mfumo ukishakaa, alijiambia, nitanakili kila kitu upya kutoka seva kubwa, watu hawajaenda nyumbani kazi imekwisha, nani atajua?

Kwa hiyo tangu asubuhi ile kila neno lililowahi kusomwa katika jengo lile lilikuwa limebaki mahali pamoja tu, ndani ya mashine inayokohoa. Na aliyelijua hilo alikuwa mtu mmoja.

Mfumo mpya ulikaa vizuri, tena una rangi za kupendeza. Zimawasha akaanzisha kunakili, akautazama mstari wa kijani ukisogea, akaenda kunywa chai kwa amani. Aliporudi kioo kilikuwa cheusi. Akagusa kitufe, kikawaka, na katikati yake pameandikwa: muunganisho umepotea. Programu yao ya kunakili ilikuwa ya kizamani na yenye kisirani. Ukiikatiza haiendelei ilipoishia, inataka mwanzo. Akaanza mwanzo. Akakaa nayo kidogo, ikaenda vizuri. Akaondoka, ikakatika.

Alizima, akawasha. Ikakatika. Akabadilisha kebo, akakaa pale akiikagua, mara apime hapa, mara abonyeze pale, na kazi ikaenda kama maji. Akatoka akijipongeza, ikakatika. Akakilaumu kisanduku cha mtandao, akaleta kingine. Akaulaumu ulinzi wa virusi, akauondoa, akaurudisha. Kila alichokitengeneza kilipona akiwepo, kikaugua akitoka. Jumanne jioni, akikusanya vifaa vyake, alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa lakini haruhusiwi kutaja marehemu.

"Inakutaka wewe," alisema mhasibu, aliyekuwa akifuatilia mambo kutoka mlangoni. "Ukitoka inanuna. Mwanangu wa pili alikuwa hivyohivyo."

"Mashine hainuni, dada."

"Basi tuambie wewe inafanya nini."

Zimawasha akafunga mlango wa stoo.

Habari ikamfikia mkurugenzi, mwanamama aliyeamini kwamba hakuna jambo lisilokwisha watu wakipangiwa zamu. Jumatano asubuhi akaagiza wafanyakazi wapokezane kukaa stoo na seva, ili isibaki peke yake. Zimawasha alijua huo ni upuuzi mtupu, lakini kwa siri aliyokuwa nayo tumboni hakuthubutu kubisha. Alichofanya ni kubandika karatasi juu ya kibodi, kwa herufi kubwa: USIGUSE. Aliogopa mtu asije akabonyeza kitu akaongeza balaa juu ya balaa.

Mhasibu akawa wa kwanza. Alikaa amekumbatia mkoba wake, hapumui vizuri. Ikakatika. Akafuata mlinzi, aliyekaa wima kama yuko getini, macho kwenye mstari wa kijani, na akaja kutoa taarifa kwamba kioo kimezima chenyewe mbele yake, yeye hakukigusa. Zimawasha akamwambia kioo kupumzika ni kawaida, tatizo liko kwenye muunganisho. Hapo alikosea pakubwa, lakini tumvumilie, mtu alikuwa amechoka. Akafuata fundi wa sauti, ambaye alisinzia tangu mwanzo. Ikakatika.

Mama mkwe alipewa zamu kwa heshima tu, wakati studio inafagiliwa. Alikaa, na mstari wa kijani ukasogea. Ukaendelea kusogea. Studio ikawa tayari, lakini mkurugenzi alipochungulia na kuuona mstari ulipofika, akamsihi asiondoke. Mchana mama mkwe akaenda kula, ikakatika. Akarudi, wakaanza mwanzo, ikaenda mpaka watu wanafunga ofisi, na alipokwisha kwenda zake ikakatika.

Jengo zima likawa linasema seva inampenda Mama Msomaji. Mpokeaji wa simu aliona si ajabu, kwani nani hampendi. Mhasibu aliingiwa na wivu kidogo. Zimawasha ndiye aliyeumia. Yeye aliyeinunulia kebo mpya, aliyepiga magoti mbele yake tangu Jumatatu, inamkataa. Mama mkwe anakaa tu kwenye kiti cha plastiki, inafanya kazi. Alijihisi yuko nyumbani.

Kunakili kila kitu kulihitaji siku nzima bila kukatizwa, na mwenye kuiweza kazi hiyo ni mama mkwe. Sura mbili nazo zilihitaji siku nzima, na mwenye kuzisoma ni mama mkwe. Iliyobaki ni Alhamisi peke yake. Fundi wa sauti akashauri wahamishie maikrofoni stoo, lakini mle ndani kulikuwa na feni ya kusimama inayonguruma kama lori linalopanda mlima, na bila feni mashine ingeiva.

Mkurugenzi akakata shauri. "Kesho Mwalimu aingie studio. Seva isubiri. Hata hivyo, nakala za zamani si zipo?"

Watu wote wakamgeukia Zimawasha.

"Tunalishughulikia," alisema.

Alhamisi asubuhi alipita kwanza kuisikiliza seva kubwa, akakuta inakohoa bila hata kupumzika. Akaenda stoo hajui aanzie wapi, akamkuta mama mkwe ameshakaa kwenye kile kiti, kitambaa mkononi.

"Mama, studio wanakusubiri."

"Wasubiri kidogo. Jana hukula, ukaenda kuosha sahani iliyokuwa safi. Nikajua humu kuna jambo."

Huku akisema alikuwa akipitisha kitambaa juu ya kibodi, taratibu, kitufe kwa kitufe, kisha kwenye kipanya, kisha ukingoni mwa kioo, kisha kwenye kibodi tena. Karatasi ya USIGUSE alikuwa ameikunja vizuri na kuiweka chini ya mguu wa kiti ili kisitikisike. Matangazo ya mkwewe hayakuwahi kumhusu.

Zimawasha alifungua mdomo kusema kitu kuhusu karatasi, halafu akaona kioo. Mshale ulikuwa ukiruka kila kitambaa kilipogusa kipanya, na ndani ya kijisanduku cha kutafutia, pembeni, kulikuwa na mstari mrefu wa herufi zisizo na maana yoyote, ggghhhjjj, zilizoandikwa na kitambaa. Akatazama kitambaa. Akatazama kioo. Wakamjia akilini mhasibu na mkoba wake, mlinzi na mgongo wake, fundi wa sauti na usingizi wake. Hakuna hata mmoja aliyegusa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewakataza.

"Mama, jana ulikuwa unafuta hivi muda wote?"

"Ningefanyaje? Vumbi la humu halina haya. Kwani hapa mnafagia lini?"

"Mama," alisema, "nadhani nimejua tatizo."

"Jumatatu ulijua ni kebo."

"Ndiyo, Mama."

"Juzi ukajua ni virusi."

"Ndiyo, Mama. Lakini sasa nimejua kweli. Nikibonyeza mahali pamoja tu..."

"Usibonyeze. Umebonyeza vya kutosha wiki hii. Nikienda studio halafu hii ikakatika tena, nitasoma nini huko, na roho yangu iko huku? Tuhakikishe kwanza. Niambie nifanye nini."

Na hapo Zimawasha, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akamwamuru mama mkwe wake. Akamwambia aweke kitambaa chini, akunje mikono, asiguse kitu chochote. Akaanzisha kunakili upya, akaigeuza ndoo ya kudekia, akakaa juu yake. Wakangoja.

Kungoja na mama mkwe ndani ya stoo ya mafagio si jambo dogo. Magoti yenu yanakaribia kugusana na hakuna pa kuelekeza macho. Mkono wa mama ulikitafuta kitambaa, ukajirudi. Zimawasha alikohoa, akasifia hali ya hewa, ambayo mle ndani haikuwepo, kisha maneno yakamtoka yenyewe.

"Mama, nakala zilizokuwa humu nilizifuta. Jumatatu, kabla ya kusasisha. Nilisema nitanakili upya siku ileile. Kila ulichowahi kusoma kimebaki kwenye ile inayokohoa."

Feni ilinguruma.

"Vyote?"

"Vyote."

"Na kile cha watoto? Cha kobe aliyepoteza miwani?"

"Na hicho, Mama."

Zimawasha akainamisha kichwa akingoja kusemwa. Alikuwa tayari. Kwa kweli alikuwa anakutamani kusemwa, kama mtu anayetaka jino ling'olewe limtoke. Lakini mama mkwe aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Mimi naogopa, mkwe," alisema. "Nimemwambia binti yangu siogopi. Nimemwambia daktari, nimewaambia mapacha. Naogopa sana. Maisha yangu yote nimefanya kazi na sauti hii, sina kingine ninachokijua. Nilikuwa najipa moyo kwamba hata nikirudi nakoroma kama chura, ile nyingine iko stoo kwa mkwe wangu."

Zimawasha aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alimpenda mama huyu. Hakuwahi kulisema wala hata kuliwaza sawasawa, na sasa lilimjia kwa maumivu, akiwa juu ya ndoo.

"Itakuwepo," alisema. "Itakuwepo, Mama, hata kama nitakaa humu na kitambaa mpaka nizeeke."

Kioo kikazima.

Walitazamana. Zimawasha akainuka akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu Jumatatu: alizima feni. Stoo ikawa kimya. Mashine haikuwa ikivuma hata kidogo; mngurumo wote ule waliokuwa wakiusikia ulikuwa wa feni peke yake.

"Imelala," alinong'ona. "Mfumo mpya umeirudisha kwenye mipangilio ya kompyuta ya mezani. Isipoguswa kwa nusu saa, inalala. Kunakili kwenyewe mfumo hauoni kama ni kazi. Mimi nilikuwa naigusa nikiitengeneza, wewe ulikuwa unaifuta. Wengine walikaa nayo kwa adabu, ikalala."

Mama mkwe akaitazama mashine, kisha akamtazama yeye.

"Nimefundisha darasa la kwanza miaka yote," alisema. "Mtoto akilala darasani nilikuwa namwona kutoka mlangoni. Wewe umeshinda na huyu wiki nzima unambadilishia kebo."

"Ndiyo, Mama."

"Mwamshe, umwambie asilale tena. Mimi nina kesi ya kumaliza."

Dawa yenyewe ilikuwa kufungua ukurasa mmoja na kubadilisha "nusu saa" iwe "kamwe". Zimawasha alifanya hivyo, akawasha feni, akaanzisha kunakili. Siku hiyo mama mkwe alisoma na seva ikanakili, huyu ndani ya magodoro, ile ndani ya mafagio, na Zimawasha akatembea korido ile mpaka mlinzi akamuuliza kama anatafuta kitu. Mara kadhaa sauti ilikatika katikati ya sentensi. Mama akanywa maji ya moto, akarudia. Aliomba msamaha kila aliporudia, na fundi wa sauti, mtu asiye na machozi ya karibu, akatoka nje mara moja kwenda kupenga kamasi.

Jioni mstari wa kijani ukafika mwisho. Baadaye kidogo sura ya mwisho nayo ikafika mwisho. Mama mkwe akamwambia fundi aende tu akaoshe vikombe, yeye atapumzika kidogo pale kitini. Rekodi ikahifadhiwa kwenye seva kubwa, na ya akiba, macho yamekodoka, ikainakili nayo.

Ijumaa mkewe Zimawasha alimpeleka mama yake hospitali. "Wewe nenda kazini, Baba Mapacha," alimwambia mumewe. "Kule hawana kitu cha wewe kuzima."

Kazini alikuta seva kubwa imeacha kukohoa, na si kwa sababu ilikuwa imepona. Alizima, akawasha. Akazima, akawasha. Mhasibu aliyekuwa akipita alisimama, akafahamu, akaenda kumwita mkurugenzi.

"Tuna nini?" aliuliza mkurugenzi.

"Tuna ya akiba. Nadhani."

"Unadhani?"

"Nakala haijawa nakala mpaka uifungue," alisema Zimawasha. Hilo alilijua siku zote na hakuwahi kulifanyia kazi.

Wakajazana kwenye korido, mbele ya mlango wa stoo. Alifungua kwanza cha kobe aliyepoteza miwani. Kwa sekunde kadhaa hakikusikika kitu, halafu mama mkwe akaanza kusoma, koo lake likiwa bado changa na zima, na mhasibu akakaa chini sakafuni bila kujali sketi yake. Wakati huohuo simu ya Zimawasha ikaita. Alikuwa mkewe. Mama ametoka salama, amelala. Haruhusiwi kusema hata neno mpaka daktari aseme, na sauti itarudi ya namna gani, hakuna anayejua.

Alipowaambia wenzake, hakuna aliyetaka kurudi mezani kwake. Wakamtaka afungue sura ya mwisho, waisikilize yote. Wakasikiliza wamesimama. Hakimu akampa yule mwanamke shamba lake, mlinzi akajipiga goti kwa kofi, mpokeaji wa simu akasema sasa ana la kuwajibu watu. Neno la mwisho likasomwa. Kikafuata kimya, mlio wa kiti, mtu kukohoa. Zimawasha alinyoosha mkono asimamishe, na sauti ikarudi. Hii haikuwa ile ya kusomea. Ilikuwa ile ya jikoni.

"Mkwe wangu atakagua hii mpaka mwisho, najua. Na ninyi wengine mliojibanza hapo mlangoni, sikilizeni. Mkurugenzi, mwanafunzi wangu, Jumatatu huyu bwana alifuta nakala zote za kazi yangu. Zote. Nimeshamsema, nimemsema vya kutosha, na sitaki kusikia mtu mwingine akimsema. Ni mwanangu. Mwenye kinyongo aje nyumbani anigombeze mimi, na daktari kaniambia nisijibu. Haya, fundi, njoo ufunge."

Hakuwa amemsema hata neno moja. Zimawasha alikuwa wa pekee katika korido ile aliyelijua hilo.

Mkurugenzi alivua miwani yake. "Ulifuta?"

"Nilifuta."

Mkurugenzi akavuta pumzi ndefu ya mtu mwenye mengi, akaishikilia, akaitoa. "Mwalimu kasema nisiseme," alisema, akarudi ofisini kwake akitembea kwa kishindo.

Wengine wakatawanyika mmojammoja. Fundi wa sauti ndiye aliyebaki, akijikuna kichwa. "Huu mkia nikate? Siwezi kuwapelekea wasikilizaji mambo haya."

"Kata," alisema Zimawasha, akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Ila mkia wenyewe nipe mimi."

Aliuhifadhi kwenye seva ya akiba, akauweka kwenye simu yake, na jioni, kwenye korido ya hospitali, akauweka na kwenye simu ya mkewe kabla hata hajamsalimia. Kisha akaingia wodini. Mama mkwe alikuwa macho, shingo imefungwa bandeji, mdomo umefumbwa kama alivyoagizwa. Alimtazama mkwewe kwa namna ya mtu anayengoja kusikia kitu. Zimawasha akavuta kiti, akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nimesikiliza mpaka mwisho, Mama," alisema.